Mji Usio na Mto: Matawi Yaliyosahauliwa ya Mifereji ya Birmingham

Muhula uliopita, katika somo la jiografia, mwanafunzi mmoja wa Kidato cha Tatu aliniuliza swali lililonipendeza sana. Tulikuwa tumejifunza kwamba miji mingi mikubwa ya biashara huota penye maji. London iko kandokando ya mto Thames, Liverpool iko kwenye mlango wa mto Mersey, nayo Cairo yategemea mto Nile. "Basi, Mwalimu," akasema, "mbona Birmingham umekuwa mji mkubwa wa viwanda, nao uko juu ya nchi ya vilima, mbali na bahari, wala hauna mto wa kupitisha mashua za mizigo?"

Kengele ililia kabla sijamaliza kumjibu. Mhariri wa gazeti letu alipopata habari hizo akanitaka niandike jibu lote, nami nikakubali kwa moyo mkunjufu. Katika mji huo nilikaa mwaka mzima kwa masomo, na jibu la swali lile nililiona kwa macho yangu. Sehemu yake iko juu ya ardhi, na sehemu nyingine imefukiwa chini yake.

Jibu kwa ufupi ni hili: watu wa Birmingham walipokosa mto, walijichimbia wenyewe. Lakini hapo tusiishie. Mfereji mkuu peke yake usingaliweza kuulisha mji ule. Ulilishwa na mamia ya matawi mafupi na bandari ndogo ndogo zilizochimbwa kutoka mfereji mkuu hadi kwenye milango ya viwanda. Bandari hizo ndogo nitaziita "vibandari". Hivyo ndivyo vilivyosahauliwa, na habari zake ndizo nitakazozieleza.

Njia yenye vigongo

Nilipofika mjini humo nilipanga chumba katika nyumba iliyo karibu na mfereji, nikawa napita kila asubuhi kwenye njia ya kando ya maji kwenda darasani. Zamani njia hiyo ilikuwa ya farasi waliovuta mashua. Siku za kwanza nilishangazwa na jambo moja. Maji ya mfereji yalikuwa yametulia sawasawa kama maji ndani ya sinia, lakini njia iliyo kando yake ilikuwa ikipanda na kushuka. Mara kwa mara hutokea kigongo kama nundu ya ng'ombe, chenye ukuta mfupi wa matofali upande huu na upande huu, kisha njia hushuka tena. Nikajiuliza: maji hayana mlima, mbona njia yake ina mlima?

Siku moja nilimkuta mzee mmoja akivua samaki juu ya kigongo kimojawapo. Nikamwamkia na kumwuliza. Akacheka, akaniambia niiname nitazame chini ya miguu yangu, upande wa maji. Nikainama. Nikaona tao zuri la matofali, limezibwa kwa matofali mengine ya rangi tofauti. "Umesimama juu ya daraja," akasema. Naam, nilikuwa juu ya daraja lisilovuka kitu chochote! Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Tangu siku hiyo niliinama juu ya kila kigongo nilichokipita, na kila kimoja kilikuwa na tao lake. Kila tao lilikuwa mlango wa tawi au kibandari ambacho sasa hakipo.

Farasi mmoja na tani ishirini na tano

Ili tufahamu kwa nini milango hiyo ilikuwa mingi, hatuna budi kurudi nyuma zaidi ya miaka 250. Wakati huo Birmingham ulikuwa tayari mji wa mafundi wa chuma na shaba: watengeneza misumari, vifungo, kufuli, visu na bunduki. Mafundi hao walihitaji makaa ya mawe, na makaa yalikuwako si mbali, katika machimbo ya Wednesbury, upande wa kaskazini-magharibi. Taabu ilikuwa njia. Barabara za siku hizo zilikuwa za udongo, na wakati wa mvua zilikuwa matope matupu. Farasi wa kubeba mzigo mgongoni aliweza kuchukua kiasi cha moja ya nane ya tani tu. Lakini farasi yule yule, akivuta mashua juu ya maji yaliyotulia, aliweza kuchukua kiasi cha tani 25. Wanafunzi wa hesabu watatuambia mara moja kwamba mashua moja yenye farasi mmoja ilifanya kazi ya farasi 200.

Mwaka 1768 Bunge la Uingereza lilitoa sheria ya kuruhusu mfereji uchimbwe, na fundi mkuu akawa James Brindley. Tarehe 6 Novemba, 1769, mashua za kwanza zenye makaa zilifika kutoka Wednesbury, na bei ya makaa mjini ikashuka sana. Mwaka 1772 mfereji ulifika karibu na Wolverhampton, ukaungana na mfereji mwingine ulioelekea kwenye mto Severn na hatimaye baharini. Hivyo mji usio na mto ukapata njia ya maji hadi bandarini.

Brindley hakupenda kupasua vilima wala kujaza mabonde, kwa sababu kazi hiyo ilikuwa ya gharama kubwa. Aliufanya mfereji ufuate usawa wa nchi, ukizunguka kila kilima kama mtu azungukaye shamba la watu. Kwa ajili hiyo mfereji ulikuwa na mizunguko mingi. Tutaona baadaye jinsi mizunguko hiyo ilivyogeuka kuwa matawi.

Ngazi za maji

Mahali ambapo haiwezekani kuzunguka, mashua hupandishwa au kuteremshwa kwa lango la maji. Lango hilo ni chumba cha matofali ndani ya mfereji, chenye milango upande wa juu na upande wa chini. Mashua ikitaka kushuka, chumba hujazwa maji kwanza hata yawe sawa na maji ya juu. Mashua huingia, mlango wa juu hufungwa, kisha vitundu hufunguliwa na maji ya chumbani huteremka upande wa chini. Maji yakishuka, mashua nayo hushuka. Yakifikia usawa wa chini, mlango wa mbele hufunguliwa nayo huendelea na safari. Hapana mashine wala moto. Kazi yote hufanywa na uzito wa maji na mikono ya mtu.

Katikati ya Birmingham yako malango 13 yanayofuatana kama ngazi, yaitwayo Farmer's Bridge. Yalifunguliwa mwaka 1789, nayo huziteremsha mashua kiasi cha futi 80. Nilipoyafuata mara ya kwanza nilipita chini ya barabara, chini ya reli, na hata chini ya majengo yaliyosimama juu ya nguzo, huku maji yakinguruma gizani. Watu waliokuwa wakipita barabarani juu yangu hawakuonekana kujua kwamba kuna ngazi ya maji chini ya viatu vyao.

Lakini lango la maji lina hasara yake. Tuchukue chumba chenye urefu wa futi 72, upana wa futi 7 na kina cha kushuka futi 6. Ukizidisha utapata futi za ujazo 3,024, yaani zaidi ya galoni 18,000. Maji hayo hushuka kila mara lango linapotumika, wala hayapandi tena yenyewe. Basi, katika nchi ya vilima, maji ya mfereji yalikuwa mali iliyolindwa kama fedha. Yalichimbwa mabwawa ya kuyahifadhi. Tena mwaka 1779 kampuni ya Boulton na Watt ilijenga huko Smethwick mashine ya mvuke ya kuyarudisha maji juu ya kilima kila yaliposhuka. Mashine hiyo ilifanya kazi mpaka mwaka 1891, na hata sasa imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Birmingham.

Wivu wa maji ulileta jambo moja ambalo wanafunzi wangu hucheka wakilisikia. Kampuni nyingine ilipopata ruhusa mwaka 1791 ya kuchimba mfereji kutoka Worcester hadi Birmingham, kampuni ya kwanza iliogopa kunyonywa maji yake. Ikadai kwamba mifereji hiyo miwili isigusane. Kwa hiyo, mahali paitwapo Gas Street, ukajengwa ukuta wa upana wa futi 7 kati ya maji na maji. Mashua ilifika upande huu, nyingine ikangoja upande wa pili, na mizigo yote ikavushwa kwa mikono juu ya ukuta huo. Mambo yaliendelea hivyo tangu mwaka 1795 mpaka mwaka 1815, ndipo watu walipopatana na lango likafunguliwa katika ukuta. Kwa muda wa miaka 20 wachukuzi walitoa jasho kwa sababu ya ugomvi wa matajiri. Ukuta huo uko mpaka leo, nami nimesimama juu yake.

Kila kiwanda na mlango wake

Sasa twafikia matawi yenyewe. Mashua za mifereji hiyo zilikuwa nyembamba, zisizozidi upana wa futi 7, na urefu wake ulikuwa kiasi cha futi 70. Mfereji nao haukuwa mpana. Mashua ikisimama kupakua makaa mbele ya kiwanda ilizuia njia ya wenzake, kama vile lori liegeshwapo katikati ya uchochoro. Dawa yake ilikuwa moja: kila mwenye kiwanda achimbe tawi lake au kibandari chake, mashua ziingie ndani ya ua, zipakue kwa nafasi, zipakie bidhaa, kisha zitoke.

Lakini njia ya farasi ilipita pale pale kandokando ya mfereji. Ukichimba mlango wa kibandari umeikata njia hiyo. Kwa ajili hiyo juu ya kila mlango lilijengwa daraja dogo lenye mgongo, ili mashua ipite chini na farasi apite juu bila kusimama. Hivyo ndivyo vigongo vilivyotokea.

Mwishoni mwa karne ya 19 mtandao mzima wa mifereji ya Birmingham na miji jirani yake ulikuwa na urefu wa kiasi cha maili 160, na vibandari vya watu binafsi vilikuwa yapata 550. Kulikuwa na vibandari vya viwanda vya kusubu chuma, vya kioo, vya matofali, vya gesi na vya mbao. Mizigo iliyopita kwa mwaka ilikuwa zaidi ya tani milioni 8. Tena jueni kwamba hapo reli zilikuwa zimekwisha kuenea kila mahali. Kwingine reli iliua mifereji, lakini Birmingham reli yenyewe ilichimba vibandari. Gari la moshi lilileta bidhaa kutoka mbali, zikapakuliwa ndani ya mashua, na mashua zikazifikisha kwenye viwanda ambavyo reli haikuweza kuvifikia. Kimojawapo, Hockley Port, kilikuwa kibandari cha reli. Siku hizi watu hukaa humo ndani ya mashua zao.

Yako pia matawi ambayo hayakuchimbwa kuwa matawi. Katika miaka ya 1820 fundi Thomas Telford alipewa kazi ya kuunyosha mfereji wa Brindley. Alipasua vilima, akajaza mabonde, akajenga njia mpya pana yenye njia za farasi pande zote mbili, na safari ya kwenda Wolverhampton ikapungua kiasi cha maili 7. Huko Smethwick alichimba bonde lenye kina kirefu hata ikambidi ajenge juu yake daraja la chuma, liitwalo Galton, mwaka 1829. Bado lasimama. Lakini mizunguko ya zamani haikufukiwa, maana viwanda vilikwisha kujengwa kandokando yake. Ikabaki kama vipini vya kikapu kando ya njia iliyonyooka: mzunguko wa Oozells Street, mzunguko wa Icknield Port na mzunguko wa Soho. Iliyokuwa njia kuu ikawa uchochoro. Ndivyo ilivyo dunia.

Waliovuta na waliovutwa

Tusizitaje tani tukawasahau watu. Mifereji ilichimbwa kwa sururu, majembe na matoroli. Mashua za safari fupi za makaa hazikuwa na chumba cha kulala, na wafanyakazi wake walirudi nyumbani jioni. Lakini katika mashua za safari ndefu, baba, mama na watoto waliishi katika chumba kimoja kidogo nyuma ya mzigo. Mtoto wa mashua aliongoza farasi tangu akiwa mdogo. Leo yuko mji huu, kesho mji ule, basi angesoma shule ipi? Mtu mmoja aitwaye George Smith, wa Coalville, alipiga kelele sana juu ya watoto hao, na mwaka 1877 Bunge likatoa sheria ya kuandikisha mashua na kupunguza msongamano wa watu ndani yake. Hata hivyo kusoma kwao kuliendelea kuwa kwa shida kwa miaka mingi. Naliandika jambo hili kwa ajili ya wale wanaoona kwamba kengele ya shule yetu hulia mapema mno.

Wala si haki kuyasifu maji yale bila kusema yalihudumia nini. Miongoni mwa mafundi wa Birmingham walikuwamo waliotengeneza bunduki, na wengine waliotengeneza bangili nzito za shaba ziitwazo manila. Vitu hivyo vilipelekwa pwani ya Afrika Magharibi, na katika siku za biashara ya watumwa vilitumika kununulia watu. Makaa yaliyopita juu ya mifereji ndiyo yaliyowasha matanuri ya mji huo. Nilipokuwa nikizitazama kuta zile nzuri za matofali, nililikumbuka hilo pia.

Usiku wa Novemba

Katika karne ya 20 viwanda vilianza kutumia umeme badala ya makaa, na malori yakaanza kufika mlangoni kwa haraka kuliko farasi. Kibandari kimoja kikaachwa, kikajaa takataka, kikafukiwa. Kisha kingine. Hata bandari ya kwanza kabisa, ambapo makaa ya Wednesbury yaliuzwa, ilifukiwa na majengo yakawekwa juu yake. Watu waliuona mfereji kuwa uchafu ulio nyuma ya kuta, na wengi wao hawakuwahi kuutazama.

Ndipo vita vikaja. Usiku wa tarehe 22 Novemba, 1940, ndege za Ujerumani ziliushambulia mji kwa mabomu, na mabomba makuu matatu ya maji yakapasuka. Sehemu kubwa ya mji ikawa haina maji huku moto ukiwaka. Waliozima moto waliyapata wapi maji? Katika mifereji. Katika kuta za barabara zipitazo juu ya mfereji, bado mtu aweza kuona milango midogo iliyopakwa rangi nyekundu. Milango hiyo ilikuwa ya kuingizia mipira ya maji ya wazima moto. Nilipoelezwa habari zake nilisimama mbele ya mmoja kwa muda mrefu. Maji yaliyodharauliwa ndiyo yaliyokuwako mabomba yalipokauka.

Mtu angedhani kwamba baada ya usiku ule mifereji isingedharauliwa tena. Sivyo ilivyokuwa. Mwaka 1948 mifereji mingi ya Uingereza ikawa mali ya serikali, lakini biashara iliendelea kupungua. Katika kipupwe cha miaka ya 1962 na 1963 barafu iliifunga mifereji kwa majuma mengi, na wateja waliobaki wakahamia barabarani. Maili kwa maili, matawi yakaachwa. Katika zile maili 160, sasa zimebaki maili 100 na kidogo zinazopitika kwa mashua. Maili zipatazo 60 zimepotea. Mtu mwenye miguu mizuri angehitaji siku tatu kuzitembea.

Hapa nataka tuwe waadilifu. Waliofukia hawakuwa wajinga wote. Kibandari kisichotumika hunuka, huvuja, na watoto wanaweza kuzama ndani yake. Ukuta wa mfereji hutaka fundi kila mwaka, na fundi hutaka mshahara. Haiwezekani kuhifadhi kila kitu kwa sababu tu ni cha zamani. Kosa lao naliona mahali pengine. Mara nyingi walipouliza, "Kitu hiki chatumika leo?" wakasikia "Hapana", walidhani wamekwisha kuuliza maswali yote. Hawakuuliza, "Chaweza kufaa nini kesho?" Tawi likifukiwa na nyumba kujengwa juu yake halirudi. Maji yakimwagika hayazoleki.

Waliouliza swali la pili nao walikuwako. Katika miaka ya mwisho ya 1960 eneo la malango ya Farmer's Bridge lilisafishwa, na kipande kilichosalia cha tawi la kale la Newhall, kiitwacho sasa Cambrian Wharf, kikatengenezwa. Katika miaka ya 1990 maghala na viwanja vilivyoachwa karibu na Gas Street vilipata majengo mapya, na mtaa mmoja ukaitwa kwa jina la Brindley. Leo watu hula chakula na kupunga upepo mahali ambapo wachukuzi walivusha mizigo juu ya ukuta. Kwenye mzunguko wa Icknield Port zimejengwa nyumba mpya zinazoelekea majini. Mzunguko ulioachwa na Telford umepata kazi nyingine.

Hata wajenzi wa barabara kuu walilazimika kuyaheshimu maji hayo. Upande wa kaskazini wa mji iko njiapanda kubwa ya barabara za juu kwa juu, iliyofunguliwa mwaka 1972. Magari hupita huko kwa maelfu. Chini yake, kati ya nguzo za saruji, mifereji hukutana kimya kimya mahali paitwapo Salford Junction. Nilifika huko siku moja ya Jumapili. Juu yangu palikuwa na ngurumo isiyokoma, na chini bata wawili walikuwa wakiogelea.

Namna ya kulitambua tawi lililofukiwa

Kwa faida ya wasomaji watakaojaliwa kufika mjini humo, hizi ndizo dalili nilizojifunza. Kwanza ni kigongo katika njia ya farasi. Ya pili ni tao lililozibwa, na matofali ya kuzibia huwa mapya kuliko ya tao. Ya tatu ni mifuo katika jiwe au chuma cha ukingo wa daraja, kama mistari iliyokatwa kwa msumeno. Hiyo ni alama ya kamba za farasi waliopita hapo kwa miaka mingi mpaka kamba laini ikala chuma kigumu. Ya nne ni mteremko mfupi wa mawe unaoingia majini. Ulijengwa ili farasi aliyetumbukia apate mahali pa kutokea. Ya tano ni daraja la chuma lililosimama peke yake, likivuka nyasi tu. Ukiona dalili moja, simama. Ukiona mbili pamoja, yaelekea hapo palikuwa na kiwanda, mashua, na watu waliosubiri makaa.

Basi nimemjibu mwanafunzi wangu. Mji usio na mto ulijichimbia mto, ukaupa matawi kama mti, na matawi ndiyo yaliyozaa matunda. Shina peke yake halizai. Nami nimejifunza jambo moja ambalo halimo katika kitabu chetu cha jiografia: kitu kilichosahauliwa si lazima kiwe kitu kisichofaa. Pengine waliokijua wamekufa, nao waliobaki hawajainama kutazama.

Namalizia kwa kuwapa wanafunzi wote kazi ya likizo. Mahali unapokaa, tafuta kitu kimoja ambacho watu hukipita kila siku bila kujua kilikuwa cha nini: kisima kilichozibwa, nguzo isiyoshika kitu, tuta la reli lisilo na reli, ngazi zisizofika popote. Waulize wazee wakiwa bado wapo. Pima, chora, uandike. Mhariri ameniahidi kwamba maelezo yatakayokuwa bora atayapa nafasi katika toleo la muhula ujao, nami nitakuwa wa kwanza kuyasoma.